Mpira wa Tairi la Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nyufa na Kulika

Kazi yangu ni matairi, Ilala, Dar es Salaam. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila wiki na wenye magari madogo, wenye Noah, wa daladala na wa malori. Karibu yote yana mzizi mmoja: mtu ameangalia kashata, yaani ule mpira wa juu wenye mitaro unaokanyaga barabara, ameona bado ndefu, akaamini tairi ni zima. Kashata inakuonyesha mpira uliobaki ni kiasi gani. Haikuonyeshi mpira huo ni wa aina gani, ulipikwa kwa ajili ya barabara zipi, wala kama bado una uhai. Hayo inabidi uyasome kwenye mpira wenyewe, na yanasomeka.

Tairi limetengenezwa kwa mpira gani hasa?

Si mpira mmoja. Ukilikata tairi kwa msumeno ukaangalia ulipopita, utaona tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina mchanganyiko wake. Kashata inayogusa lami ni mpira mmoja, ubavu ni mwingine, mpira unaozishika waya za chuma ni mwingine tena, na ndani kabisa kuna utando mwembamba wa butili, aina ya mpira wa kiwandani, unaozuia upepo usitoroke.

Kwa uzito, tairi la kawaida la gari dogo la soko la Marekani lina mpira wa asili kama asilimia 19, mpira wa kiwandani asilimia 24, masizi na silika (unga utokanao na mchanga) asilimia 26, chuma asilimia 12. Kinachobaki ni nyuzi za poliesta na nailoni, mafuta, salfa, oksidi ya zinki, nta na madawa ya kuzuia uzee. Kwenye tairi la lori hesabu inageuka: mpira wa asili unafika kama asilimia 34, wa kiwandani unashuka hadi 11, chuma kinapanda hadi 21.

Mpira wa asili ni utomvu wa mti wa Hevea. Wa kiwandani unatokana na mafuta ya petroli, na kwenye matairi ya gari dogo wenye kazi kubwa ni wawili: SBR, yaani stairini-butadieni, na BR, yaani polibutadieni. SBR inashika lami, hasa iliyolowa. BR inakataa kulika. Mpishi wa kiwandani anazichanganya kama mama anavyochanganya unga wa mahindi na wa mtama: akiongeza huku, kule kunapungua.

Yote haya yasingefaa kitu bila salfa. Mpira mbichi huyeyuka na kunata kwenye joto, na hukakamaa kama ubao kwenye baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba ukiupika mpira pamoja na salfa minyororo ya molekuli zake hufungamana, na hapo unakuwa kitu kinachovutika na kurudi. Nusu karne baadaye, 1888, John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la upepo kule Belfast. Hadi leo tairi lako limepikwa kwa salfa.

Upi ni bora, mpira wa asili au wa kiwandani?

Inategemea kazi. Mpira wa asili una kipaji ambacho wa kiwandani haujakifikia: ukiuvuta sana, minyororo yake hujipanga na kuwa kama fuwele, na palipojipanga hivyo pana nguvu. Ufa ukianza kutembea, mbele yake mpira unakuwa umevutwa, unajipanga, na unauzuia ufa usiendelee. Tena ukikunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara haupati joto kali ndani. Ndiyo maana matairi ya malori, ya mitambo ya migodini na ya ndege yana mpira wa asili kwa wingi.

Tatizo lake ni kushika lami iliyolowa, na pia unashambuliwa upesi na ozoni na joto. Kwa gari dogo linalokwenda kasi mvuani, SBR inahitajika. Mtu akikwambia tairi fulani ni bora kwa sababu ni "mpira halisi mtupu", muulize ni la gari gani.

Kwa nini matairi yote ni meusi?

Masizi. Matairi ya kwanza yalikuwa meupe-meupe kwa sababu ya oksidi ya zinki, na yaliisha haraka sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikagundulika kwamba masizi laini yakichanganywa na mpira yanashikana nao kiasi kwamba kashata inadumu mara kadhaa zaidi. Masizi pia yanameza miale ya jua kabla haijaingia ndani ya mpira.

Yana gredi zake. Ya chembe ndogo sana, kama N220, huwekwa kwenye kashata, maana chembe zikiwa ndogo mpira haukwanguki kirahisi. Ya chembe kubwa zaidi, kama N660, huwekwa ubavuni na ndani, kwa sababu huko kinachotakiwa ni mpira unaojikunja bila kupata moto. Mwaka 1992 Michelin walileta sokoni tairi lenye silika nyingi mahali pa sehemu ya masizi, ikiunganishwa na mpira kwa dawa iitwayo sileni. Tairi la namna hiyo linapunguza mafuta yanayotumika huku likishika vizuri penye maji. Rangi ilibaki nyeusi, kwa hiyo kwa macho huwezi kulitofautisha.

Nyufa ndogondogo za ubavuni zinatoka wapi? Ni jua?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwashangaza wengi. Jua lina sehemu yake, lakini mkosaji mkubwa ni ozoni. Ozoni ni hewa ya oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili. Katika hewa tunayovuta ipo kidogo mno, sehemu chache tu kwa kila sehemu milioni mia, na huongezeka pale moshi wa magari unapopigwa na jua kali. Kiasi hicho kinatosha kuupasua mpira.

Mpira wa asili, SBR na BR ni minyororo mirefu yenye viungo pacha, na ozoni inavila viungo hivyo. Lakini inafanya hivyo pale mpira ulipovutwa. Mpira uliolala bila kuvutwa hauoti ufa. Uliovutwa, hata kwa kiasi kidogo, unapasuka, na ufa unakatiza kule unakovutwa. Jaribu mwenyewe. Chukua rababendi ya kufungia noti, ivalishe kwenye chupa hadi ikaze, nyingine iache imelegea pembeni yake, zote uziweke nje kivulini. Baada ya siku kadhaa iliyokazwa itakuwa na mikato midogo iliyokatiza upana wake, kisha itakatika. Iliyolegea utaiokota ingali nzima.

Sasa angalia mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli na bodaboda, ile inayokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Inavutwa kila siku, inakaa juani miaka, haipasuki kama rababendi. Sababu ni kwamba tyubu nyingi ni za butili, na butili ina viungo pacha vichache mno. Ozoni haipati cha kuuma.

Mbona basi ubavu wa tairi hautengenezwi kwa butili mtupu? Kwa sababu ubavu lazima ushikane barabara na tabaka nyingine na ukunjwe mamilioni ya mara bila kuchoka, na huko mchanganyiko wa mpira wa asili na BR ndio unaoshinda. Mtengenezaji anaulinda kwa njia mbili. Anaweka nta, ambayo hupanda taratibu hadi juu na kuwa kama ngozi nyembamba. Na anaweka dawa, mara nyingi iitwayo 6PPD, ambayo nayo hupanda juu na kukutana na ozoni kabla ozoni haijaufikia mpira. Nta inalinda tairi lililotulia. Gari likitembea ngozi ile inakatika-katika, na hapo 6PPD ndiyo inayobeba kazi. Dawa ile ni akiba inayotumika. Ikiisha, nyufa zinaanza, hata kama kashata haijaguswa.

Gari langu halitembei sana. Mbona matairi yake yana nyufa kuliko ya teksi ya jirani?

Tairi linalozunguka linajikanda lenyewe, na kukandwa huko kunasaidia nta na dawa zipande juu. Gari likisimama miezi, sehemu ileile ya ubavu inakaa imevutwa chini ya uzito uleule, na ozoni inapiga hapohapo bila kupumzika. Gari la mtu aliyesafiri, lililokaa uani mwaka mzima, mara nyingi nyufa zake ziko upande mmoja wa tairi: pale lilipokanyagia.

Ukiondoka kwa muda mrefu, mwombe mtu alisogeze gari kila baada ya wiki mbili na kulijaza upepo. Ukiweza kulipandisha juu ya stendi, bora zaidi.

Ubavu umegeuka kahawia. Tairi ni bovu?

La. Ile kahawia ni 6PPD yenyewe iliyopanda juu na kukutana na hewa. Ni dalili kwamba dawa ipo na inafanya kazi. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, usisugue kwa brashi ya waya.

Dawa hii ina upande wake mwingine, na ni vizuri tuujue. Mwaka 2020 wanasayansi wa jimbo la Washington, Marekani, walionyesha kwamba 6PPD ikichanganyika na ozoni inazaa kemikali ambayo, ikisombwa na mvua kutoka barabarani hadi mitoni, inaua samaki aina ya samoni wa coho. Tangu hapo dawa mbadala inatafutwa.

Nyufa zipi niziogope?

Kinachotakiwa ni kuangalia ufa uko wapi, una kina gani, na umeelekea wapi. Nyufa nyembamba kama nyuzi za buibui, zilizotapakaa juujuu ya ubavu, ambazo ncha ya ukucha haiingii, ni uzee unaoanza. Tairi kama hilo ninalipa muda mfupi na kumwambia mwenyewe ajiandae. Ukucha ukiingia, safari ndefu basi. Ukiona nyuzi au waya ndani ya ufa, tairi litoke leo.

Ufa unaozunguka ubavu kama mkanda, sambamba na ringi, ninauogopa zaidi. Huo huletwa na tairi kutembea na upepo mdogo: ubavu umekunjwa mahali pamoja mno hadi umechoka. Mpira wa pale umekwisha, na nyuzi zilizo chini yake pia zimechoka.

Nyufa zilizo chini ya mitaro ya kashata watu huzipita bila kuziona kwa sababu zimejificha. Panua mtaro kwa vidole gumba viwili uangalie chini. Mpira wa kashata ukikauka unasinyaa, na mvuto wote unakwenda kwenye sakafu ya mtaro, ambako mpira ni mwembamba kuliko popote. Ufa wa hapo ukifika kwenye waya, maji yanaingia, chuma kinapata kutu, na kutu inaachanisha mpira na chuma.

Uvimbe ubavuni baada ya kuingia shimoni si habari ya mpira kabisa. Nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halina matibabu, hata liwe la mwezi jana.

Nimeagiza gari Japani, limekuja na matairi mazuri yenye kashata ndefu. Niyaache?

Kwanza soma ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake, mara nyingi hayo ni matairi ya barafu.

Kule Japani, kaskazini na pwani ya magharibi, majira ya baridi yana theluji nyingi. Zamani walitumia matairi yenye misumari, lakini misumari ilikwangua lami na kujaza miji vumbi, na mwaka 1990 sheria ikapitishwa ya kuyazuia. Yakashika nafasi matairi yasiyo na misumari, ambayo mpira wake umepikwa laini makusudi ili usikakamae kwenye barafu. Mengine, kama Blizzak ya Bridgestone, mpira wake una vishimo vidogo kama vya maandazi, vinavyonyonya maji ya juu ya barafu. Kashata yake imekatwa-katwa kwa mikato myembamba mingi mno.

Mpira huu umekusudiwa joto la chini, na kwa kawaida matairi ya barafu hupendekezwa pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 7. Dar haifiki huko hata Julai. Hata Njombe na Makete, wanaoijua baridi ya alfajiri, mchana hupanda. Kwenye lami ya mchana wa Februari, inayoweza kufika nyuzi 60, mpira ule unalegea. Vipande vya kashata vinatikisika kila mmoja peke yake, gari linaelea-elea kwenye kona, breki inachukua mwendo mrefu zaidi, na kashata inakwisha kama kifutio cha shule.

Mama mmoja aliniletea Noah yake, wiki ya tatu tangu itoke bandarini. "Fundi, kashata hii nzima kabisa, wewe unataka kuniuzia tu." Sikubishana naye. Nilimwomba aweke kidole gumba kwenye kashata ya tairi lake na kubonyeza kwa ukucha, kisha afanye hivyo kwenye tairi jipya la kawaida lililokuwa rafu ya chini. Kwenye lake ukucha ulizama na alama ikabaki ikirudi polepole. Kwenye lile jingine ukucha uliteleza. Kisha nikaukunja ubavu wa tairi lake kidogo, nyufa zikafunguka kama matumbo ya samaki. Alinyamaza, akauliza bei ya mawili, mengine mwezi ujao.

Na ukiona STUDLESS iliyo ngumu, ambayo ukucha hauzami, usifurahi. Hiyo imezeeka. Haifai barafuni, na huku haikukusudiwa.

Kwa nini tairi moja linakwenda kilomita nyingi na lingine la bei ileile linaisha mapema?

Wapishi wa mpira wanavutana na mambo matatu: kushika lami yenye maji, kudumu, na kutokula mafuta. Ukivuta moja, mengine yanalegea. Mpira unaoshika sana ni ule unaochelewa kurudi ukikandamizwa. Unakumbatia kila kipunje cha lami. Lakini kukumbatia huko kunazaa joto na kunakwangua. Ukiongeza BR ili tairi lidumu, mvuani linaanza kuteleza. Matairi ya bei ya chini mno yanayosifiwa kwamba "hayaishi" mara nyingi yamepata sifa hiyo kwa kuachia breki ya kwenye maji. Mimi nasema wazi kwamba tairi lisiloisha na lisiloshika siliuzi kwa mtu mwenye watoto garini.

Kabla ya kulaumu mpira, angalia limelika vipi. Likiliwa katikati, upepo umezidi. Likiliwa mabega yote mawili, upepo ni mdogo. Likiliwa upande mmoja, peleka alaimenti, magurudumu yanyooshwe. Ukipitisha kiganja na kusikia meno kama ya msumeno upande mmoja na ulaini upande wa pili, alaimenti pia. Mabonde-mabonde ni shokapu. Mpira wenyewe una lawama pale tairi linapoisha sawasawa kila mahali, mapema kuliko kawaida, au pale linapomeguka vipande.

Namba ya TREADWEAR ina maana gani?

Ni kipimo cha Marekani cha kudumu kwa kashata. Tairi linaendeshwa kwenye mzunguko wa barabara wa kama kilomita 640 karibu na San Angelo, Texas, kwa jumla ya kilomita takribani 11,600, likilinganishwa na tairi la kipimo. Lenye 200 limelika nusu ya kasi ya lenye 100. Lakini namba inaandikwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja. 400 ya huyu na 400 ya yule si lazima zilingane.

Pembeni yake kuna TEMPERATURE yenye A, B au C. Hii watu hawaiangalii, na kwa nchi zetu naiona muhimu kuliko ile ya kwanza. Inapima tairi linavyovumilia na kutoa joto kwenye mwendo mkali. A ndiyo ya juu. Ukisafiri Dodoma au Mombasa mchana na gari lililojaa, chagua A. Matairi ya barafu hayalazimiki kuwa na alama hizi, na mengi hayana.

Nitajuaje umri wa tairi, na niliache lini?

Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho, mara nyingi ndani ya kiduara kirefu, ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu, na ukiwa na bahati mbaya upande huo umegeukia ndani. Ingia chini na tochi ya simu. Zikiwa tatu badala ya nne, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na halina mjadala.

Watengenezaji kadhaa wa matairi wanasema miaka 10 ni mwisho hata kama tairi linaonekana zima. Watengenezaji kadhaa wa magari wanasema 6. Mimi kwa pwani nasimamia 6. Joto linaharakisha uzee: kwa makadirio, kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi ya mpira kuunganika na oksijeni hukaribia mara mbili. Wamarekani wameliona hili kwenye takwimu zao. Ripoti ya mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, ya mwaka 2007, ilichukua madai ya kampuni moja kubwa ya bima: asilimia 27 tu ya wateja walikuwa wa majimbo matano ya joto, ikiwemo Texas, Florida na Arizona, lakini asilimia 77 ya madai ya matairi yalitoka huko, na katika hayo asilimia 84 yalikuwa ya matairi yenye zaidi ya miaka 6.

Uzee huu wa joto ni tofauti na wa ozoni. Ozoni inapiga juu, unaiona. Oksijeni inaanzia ndani: upepo uliojaza unasukumwa taratibu kupitia utando wa butili hadi kwenye mpira ulioshika waya. Salfa inaendelea kufungamana, mpira unakuwa mgumu, unapoteza kuvutika kwake. Nje tairi linang'aa, ndani waya inaachana na mpira.

Upepo mdogo unaathiri vipi mpira?

Unaupika. Ubavu unakunjwa zaidi ya ulivyopangiwa, na kila mkunjo unaacha joto. Mfano mkubwa unaojulikana ni wa Agosti 2000, kampuni ya matairi ya Firestone ilipoagiza yarudishwe matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, kwa sababu kashata zilikuwa zinabanduka barabarani. Zaidi ya watu 200 walikufa Marekani. Matukio yalijaa kwenye majimbo ya joto, na hata kabla ya hapo, mwaka 1999, Ford walikuwa wameshaanza kuwabadilishia matairi wateja wa Saudia na nchi za Ghuba. Kilichoonekana ni mambo kukutana: mpira na umbo la mikanda ya waya visivyo na nguvu ya kutosha, upepo wa psi 26 uliopendekezwa, mizigo, kasi, na lami ya moto.

Kibandiko cha upepo kiko kwenye mlango wa dereva. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Likiwa la moto usipunguze, hata kipimo kikisoma juu.

Dawa ya kung'arisha inasaidia au inaharibu?

Zile za maji hazina neno. Zile za mafuta ya petroli zinaingia kwenye mpira, zinauvimbisha, na zinaisomba ile nta na dawa iliyopanda juu kulinda. Wanaopaka dizeli au oili chafu ili tairi la mtumba lionekane jipya wanamaliza kinga iliyobaki. Ukikuta tairi la mtumba linang'aa kupita kiasi, lifute kwa kitambaa chenye sabuni kabla ya kuuliza bei.

Naitrojeni ina faida?

Kwa uzee wa ndani, ndiyo kidogo, kwa kuwa oksijeni inapungua. Lakini nje oksijeni iko palepale. Bora upepo wa kawaida unaopimwa kila wiki mbili.

Tairi la lori linameguka vipande. Mpira ni mbovu?

Mara nyingi limepelekwa kusikokuwa kwake. Kashata ya lori la masafa ya lami imepikwa itoe joto kidogo na ilike polepole. Ukilipeleka machimboni au kwenye changarawe kali, kila jiwe ni kisu, na mpira unakatwa na kung'oka. Kuna matairi ya mchanganyiko na ya nje ya lami, yenye mpira mgumu kukatika, ambayo nayo ukiyatembeza lami tupu hadi Tunduma yatapata moto. Mwenye lori amweleze fundi njia zake kabla ya kununua.

Fundi anasema anaweza kuchonga tairi kipara likapata kashata. Nikubali?

Tairi la lori lililoandikwa REGROOVABLE ubavuni lina mpira wa ziada chini ya mitaro, limewekwa kwa ajili hiyo, na mtu anayejua kina chake anaweza kulichonga. Tairi la gari dogo halina mpira huo. Kisu kinaingia kwenye ule wembamba unaofunika waya, na unaondoka na mitaro mizuri machoni na ngozi iliyokwisha chini yake. Nimeyaona mengi yamechongwa usiku na kuuzwa asubuhi. Utayajua kwa vitu viwili: mtaro una kingo za kisu zisizo sawa, na zile nundu ndogo za mpira zilizo chini ya mtaro, zinazoonyesha milimita 1.6 zilizobaki, hazipo au zimekatwa.

Tairi la spea halijawahi kugusa barabara. Nalo linazeeka?

Linazeeka, na mara nyingi kwa kasi. Chini ya gari linapigwa na joto la ekzosi na lami. Ndani ya buti linaoka kama kwenye tanuri. Halijikandi, na hakuna anayelipima upepo.

Hili nililipata mwenyewe. Tulikuwa tunatoka Morogoro na familia, tukapata pancha karibu na Chalinze, saa nane mchana. Nilifunga spea, kashata yake ikiwa bado na vile vinywele vya mpira vya kiwandani. Hatukufika Mlandizi. Ilianza mtetemo kwenye usukani, kisha kishindo, na mkanda mzima wa kashata ukajibandua na kupiga madigadi kama mjeledi. Tulisimama salama kwa sababu sikuwa na mwendo mkali. Nililigeuza lile tairi pale pembeni ya barabara, nikapangusa vumbi, nikasoma tarakimu nne ambazo kwa gari la mteja ningezisoma kabla ya kitu kingine chochote: 4104. Lilikuwa na miaka kumi na mbili.